Bawa la Bundi Juu ya Mlango wa Jedidah

Sori, 9 Februari 1996

Kwa Risper, mke wangu mdogo uliyenikimbia ukaenda Uingereza,

Mimi babu yako Gisiri niko na miaka sabini na nane. Nimezika wake wawili. Nimeona machifu wakija na kofia na kuondoka bila kofia. Nimebaki baada ya nzige, baada ya mgodi wa Macalder kufungwa, baada ya punda wangu, na yule daktari aliyeniambia niache tumbaku ama nitakufa, ni sisi tulimzika yeye. Naanza hivyo ujue anayekuandikia si mtu wa kuzimwa na upepo.

Salamu nyingi. Benta, mke wa mjomba wako Levis, anakusalimu, bado anauza samaki wake wa omena. Levis bado anaendesha lori la miwa kule Awendo na anakuja nyumbani akikumbuka ana nyumbani.

Mama yako Jedidah, binti yangu, yuko hapa kwangu tangu Desemba. Shemeji zake wa Rangwe walitaka arithiwe baada ya baba yako kufa, akakataa, maneno yakazidi, nikamtuma Levis akamchukua na godoro lake. Ana homa kidogo. Anapumzika. Hayo yametosha.

Barua yako ya Krismasi nilisoma mwenyewe, herufi kwa herufi. Gumbaru, ile shule ya watu wazima, sikuenda bure. Nilipofika pale unaposema kazi yako huko ni kushika manyoya ya bundi, nikaiweka chini nikatoka nje. Mtoto wa watu anapandishwa ndege, anasomeshwa, mwisho wake anashika ndege wa mauti! Unasema wazungu wanataka ndege zao ziruke kimya kama bundi. Nikamwambia Benta, nikidhani atacheka. Hakucheka.

Sasa nimeisoma tena, na safari hii sicheki mimi.

Unajua niliunda mashine ya upepo ya kuvuta maji. Hukuiona, ulikuwa umeondoka. Mabawa ni ya mapipa ya mafuta niliyopasua, ekseli ni ya lori, pampu nilijua tangu Macalder, ambako mzungu aliniachia mimi peke yangu chumba cha pampu akaenda kulala. Inavuta maji kisimani mpaka mlangoni. Hapa Sori hakuna mwingine aliye na kitu kama hicho.

Lakini inapiga kelele. Kila bawa likipita nguzo, vuu! vuu! vuu! Jedidah hapati usingizi. Anasema ni kama mtu aliye mbali anamwita jina. Nikiisimamisha asubuhi, mchana tumekauka, kwa sababu tangi ni pipa moja tu na yeye anatumia maji kuliko ng'ombe. Shuka zinafuliwa, zinafuliwa tena. Benta hawezi kupanda na ndoo kutoka ziwani kutwa nzima, na mimi magoti yamekataa.

Kwa hiyo niambie bundi anafanya nini asisikike. Andika wazi, usiweke maneno ya chuo. Na andika haraka.

Ni mimi mume wako asiye na meno,
Gisiri

*

Uingereza, 14 Machi 1996

Babu mpendwa,

Nakusalimu wewe na Benta na Mjomba Levis. Huku baridi haijaisha, navaa soksi mbili. Barua yako imechukua mwezi mzima kunifikia, na mhuri unaonyesha ilikaa Kisumu. Ukiandika nyingine mpe mtu anayepita Homa Bay aiposti hapo.

Babu, mama ana homa gani? Tangu Desemba? Umesema inatosha. Haitoshi.

Kuhusu bundi. Hewa ikiteleza juu ya bawa na kuachana nalo kwa nyuma, inajikunja na kugonga ukingo. Ule mgongano ndio kelele. Bundi ana vitu vitatu ambavyo kuku na kunguru hawana. Ukingo wa mbele wa bawa lake una meno madogo kama kitana. Ukingo wa nyuma haukukatwa sawasawa, una nyuzi laini kama pindo la shuka lililochakaa. Na juu ya bawa kuna vinyoya laini kama mahameli. Hewa inachanwa vipande vidogo vidogo, haipigi pamoja. Ndiyo maana panya hamsikii akija, na yeye anamsikia panya hata chini ya majani.

Sisi tunaweka vipande vya bawa kwenye handaki la upepo, yaani chumba cha kupulizia hewa, na kupima sauti. Watu wa ndege wanataka jambo hili kwa ajili ya viwanja vya ndege vilivyo karibu na miji. Watu wa mashine za upepo za umeme wanalitaka pia, maana majirani zao wanalalamika kama mama. Bado ni majaribio, Babu. Sijaona ndege kubwa iliyonyamaza.

Yako nadhani inaweza kupungua. Kwanza hakikisha kelele si ya gia. Gia hugonga, bawa huvuma. Halafu sogeza mabawa mbali na nguzo, hata upana wa kiganja. Halafu kata meno kwenye ukingo wa NYUMA wa kila bawa, marefu kama kidole, na nyuma yake funga nyuzi. Nimekuchorea. Ukipata unyoya wa bundi ulioanguka porini, uangalie kwanza, utaelewa kuliko maneno yangu. Usimuue bundi yeyote.

Niambie homa gani.

Mjukuu wako,
Risper

*

Sori, 22 Aprili 1996

Risper,

Salamu ni fupi leo. Mvua imenyesha, Benta ana hasira na mimi, Levis amerudi Awendo.

Homa ni homa. Usiulize tena.

Gia ninapaka grisi kila Jumapili wakati wengine wako kanisani, kwa hiyo hilo la gia ni la watu wasionijua. Unyoya ndio ulinitia taabu. Nilimwagiza Levis, kwa maana malori ya miwa yanagonga bundi kule barabarani. Akaja na bawa zima limefungwa kwenye karatasi ya sukari, amelishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Akaniambia, "Mzee, hili sitaki mtu ajue limetoka kwangu." Nikamwambia aende zake, mwoga.

Nililitazama kutwa. Ni kweli yote uliyosema, kitana mbele, pindo nyuma. Hata mimi niliyeona mengi nilishika mdomo.

Sasa sikiza kosa lilipo, kama ni kosa. Tuna paka. Paka angelila. Mahali pekee paka hafiki ni juu ya mlango wa chumba cha Jedidah, pana msumari. Nikalitundika hapo, nikaenda kutafuta mkasi wa bati kwa Werema yule fundi wa kuchomelea.

Nikirudi, nilisikia mayowe nikiwa bado njiani. Benta alikuwa ameingia na uji, akaliona. Akachomoa kijinga cha moto jikoni akalirushia lile bawa vile wanavyomrushia bundi aliye hai, akitukana. Kijinga kikaanguka mlangoni, mkeka ukaanza kuwaka, na mama yako kitandani hawezi kuinuka. Jirani wakaja mbio. Moto ulizimwa na maji ya mashine yangu, lakini nani alisema hivyo? Waliona bawa la bundi juu ya mlango wa mgonjwa. Na waliniona mimi, mzee Mkuria ambaye wenzake wote wamekufa na yeye hafi.

Nikawaambia, "Ni somo! Ni kazi ya Risper!"

Mama mmoja akaniuliza, "Risper alikutuma umtundikie mama yake bundi?"

Nikaokota ufagio nikafagia majivu ya mkeka. Mimi, Gisiri.

Wale wanawake wawili waliokuwa wakimsaidia Benta kufua hawaji tena. Filister, nesi wa zahanati, ndiye peke yake anayekuja, naye Alhamisi tu. Na Jedidah amegeukia ukuta. Chakula hali. Maji anakunywa nikimlazimisha. Nilimwambia, "Binti yangu, ni manyoya tu." Akasema, "Baba, ungengoja kidogo tu, angekuja mwenyewe bila kutundikwa."

Mashine inaita, vuu, vuu, na siwezi kugusa mabawa yake, maana akisikia nyundo anajua nafanya kazi ya bundi, analia. Nikiisimamisha hakuna maji ya kumwosha. Nikiiacha, inamwita. Nimesimama katikati ya ua kama mti. Hakuna mtu wa kunisaidia ila wewe, na wewe uko nyuma ya bahari mbili.

Mwandikie yeye. Si mimi. Mimi haniamini. Wewe atakusikia. Barua hii nampa dereva wa samaki aiposti Homa Bay kama ulivyosema. Andika siku hiyo hiyo itakapofika, hata kama unakula, acha kijiko.

Gisiri

*

Uingereza, 11 Mei 1996

Babu,

Nimeacha kijiko.

Homa hiyo najua ni ipi. Usiniandikie jina lake. Baba naye alipokufa aliandikiwa kifua tu. Nikiandika kuhusu bundi naweza kufika mwisho wa karatasi, ndiyo maana barua zangu ziko hivi, usifikiri sijali.

Usiniulize kama ninakuja. Tafadhali usiniulize.

Msomee mama sehemu hii. Ningeandika Dholuo lakini utakwama, na ninataka aisikie kwa sauti yako.

Mama, ni mimi Risper. Natumaini Benta anakupaka mafuta miguuni, unajua ngozi yako. Bawa lililotundikwa mlangoni kwako ni kosa la haraka ya Babu, lakini aliyemtuma ni mimi. Mama, mimi hushika bundi kila siku. Kuna mmoja hai hapa, jike, anakaa kwenye banda kubwa na tunamrusha chumbani kupima sauti yake. Anapita karibu na sikio langu sasa ni mwaka wa pili. Sijafa. Hata mafua sijapata, na nilikuwa nayapata kila siku kule Rangwe.

Fanya hivi kwa ajili yangu. Mwambie Babu achomoe unyoya wa bawa la kuku, akupe na wa bundi. Upitishe wa kuku karibu na sikio, haraka. Halafu wa bundi. Sikia tofauti. Hiyo tofauti ndiyo ninayoisomea, Mama, hakuna kingine. Nataka kuitoa kwake niilete kwenye ile mashine inayokunyima usingizi. Nikiwa siwezi kukushikia kichwa, niache nikufanyie hili.

Uamuzi ni wako. Ukikataa, Babu asiiguse.

Binti yako.

*

Sori, 19 Julai 1996

Risper mjukuu wangu,

Telegramu ya Rangwe najua ilikufikia kabla ya karatasi hii. Kwa hiyo sitaandika neno lililo ndani yake. Naandika kwa sababu utaletewa maneno mengine, na nataka yangu yawe mbele au angalau yawe mengi.

Benta anakusalimu. Amelia sana. Anasema usile vibaya huko.

Barua yako ilifika mwanzo wa Juni. Nilimsomea mama yako nikiwa nimekaa sakafuni. Nasoma polepole, unajua, na miwani yangu ina kioo kimoja. Hakugeuka. Nilipofika pale pa bundi anayepita sikioni kwako akasema, "Soma tena hapo."

"Hapo wapi?"

"Anaposema anamshika."

Nikasoma tena. Akaniuliza, "Kwa mikono mitupu?" Nikasema karatasi haijasema, lakini namjua, ni mkaidi kama babu yake, hawezi kuvaa glavu. Akageuka akanitazama. Usoni alikuwa amebaki macho tu.

"Lete hilo bawa."

"Kijinga kilipita karibu, limeungua pembeni."

"Baba. Lete."

Nilimkamata jogoo wa Benta nikamng'oa unyoya, akapiga kelele kama anachinjwa, Benta akanifuata na mwiko akisema, "Mzee sasa umeanza na kuku wangu!" Tukaingia chumbani wote watatu, na jogoo. Jedidah akapitisha wa kuku. Fyu. Akapitisha wa bundi. Akapitisha tena. Akasema kwa Benta, "Jaribu wewe." Benta alikataa, akakataa, halafu akafunga macho akajaribu.

Mama yako akasema, "Huyu mnamtupia moto kwa sababu ya mdomo wake, na mabawa yake yana adabu hivi." Akacheka mpaka akakohoa, tukamwinua. Alipopata pumzi akasema, "Tengeneza mashine yako, baba. Nimechoka kuitwa."

Siku hiyo alikunywa uji.

Werema alileta mkasi wa bati. Tulishusha mabawa, tukakata meno kama ulivyochora. Mara ya kwanza meno yalikaa upande wa mbele, mashine ikapiga filimbi mbaya kuliko mwanzo, nikamwona Jedidah kupitia dirisha, kitandani, ameziba masikio. Werema anasema mimi ndiye nilishika mchoro kichwa chini. Ni mwongo, ingawa mchoro ulikuwa kichwa chini. Tukarudia. Tukasogeza mabawa mbali na nguzo kwa vyuma vya ekseli. Nyuzi nilifumua kwenye nyavu kuukuu, nikazifunga nyuma ya meno moja moja, vidole vyangu hivi vya mgodi vikitoka damu, na upepo wa ziwa ulikuwa unakuja, na kila saa nilikuwa naogopa nitamaliza nimechelewa.

Tulipoiachia, sitakudanganya, haikunyamaza kabisa. Ile vuu ilibaki kama mtu anayepuliza uji moto. Maji yakaja. Nilisimama chini yake, mimi niliyeendesha pampu za mzungu, nikaogopa kuingia nyumbani nisije nikakuta haitoshi.

Ilitosha. Alilala. Alilala mchana ule mpaka chai ikapoa. Akalala na siku zilizofuata, akawa anaamka kuoga na kula kidogo na kuuliza kama kuna barua, halafu analala tena. Homa haikupungua, Risper. Sikusema ilipungua. Lakini hakuitwa tena. Aliondoka mchana, mashine ikizunguka, mimi nikiwa nampelekea maji.

Shemeji zake wa Rangwe walikuja kumchukua wamzike kando ya baba yako, sikukataa, ndiyo desturi yao. Hapo kaburini mmoja wao alisimama akasema mbele ya watu wote kwamba huyu mama hakufa kwa ugonjwa, amemalizwa na baba yake mzazi, mzee aliyetundika bundi mlangoni na kuvika mashine manyoya ya bundi ili mauti yaje bila kusikika. Aliposema "bila kusikika" watu waliguna. Nilimtafuta Levis kwa macho, Levis aliyelileta lile bawa kwa mkono wake. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nilisimama kujibu, wakaimba wimbo.

Tuliporudi Sori vijana walishaing'oa mashine. Mabawa wameyatupa ziwani. Hilo halinisumbui, chuma kipo, mikono ipo. Kinachonimaliza ni hiki, kwamba watakuandikia, na wewe uko peke yako huko na huna wa kumuuliza, na utaiangalia ile mikono yako inayoshika bundi ukafikiri ni kweli. Mimi wameniita mchawi tangu wenzangu walipoanza kufa, nimezoea. Wewe usikubali. Ulimpa mama yako usingizi. Hakuna mtoto mwingine hapa kwetu aliyempa mzazi wake kitu kikubwa hivyo mwaka huu, wengi wamewapa jeneza tu.

Sikuulizi kwa nini hukuja. Uliniambia nisiulize.

Kama huniamini, kwa sababu ni kweli mimi hupenda kujisifu, waulize watu. Levis usimuulize. Muulize Benta aliyejaribu unyoya kwa sikio lake na baadaye akaanza kuanika nguo chini ya mashine bila woga. Muulize Werema, atakuongopea kuhusu mchoro lakini kuhusu sauti atasema kweli, ni fundi. Na zaidi mwandikie Filister kwenye zahanati. Yeye alikuja Alhamisi moja akamkuta mama yako amenyooka kimya, akadhani amekwisha, akaweka mkono puani kwake na akaanza kuniita kwa sauti ya msiba. Hapo Jedidah akakoroma. Filister aliketi chini akacheka mpaka kofia yake ya kazi ikaanguka. Alisikia kwa masikio yake mawili. Muulize juu ya kule kukoroma.

Babu yako,
Gisiri